Simu, Ufuo, Ghala au Kamati: Ujitolee Wapi Katika Utafiti wa Maradhi ya Ini?

Waosha magari wa Kisumu wamo katika historia ya utafiti wa kichocho. Kwa miaka mingi waliingiza magari katika Ziwa Victoria, wakasimama majini wakisugua, na vimelea vikawapenya ngozi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao waliwatibu, kisha wakafuatilia hesabu moja: huyu ameosha magari mangapi tangu atibiwe hadi mayai ya kichocho yaonekane tena katika choo chake? Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Wapo walioanza kujenga kinga baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, na wapo waliorudiwa upesi kila mara. Swali ambalo maabara isingelijibu peke yake lilipata mwanga kutoka kwa watu waliokuwa wakitafuta riziki.

Nimewataja hao kwanza kwa sababu wengi wetu, tukisikia kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kushiriki katika sayansi, hudhani ni jambo la Ulaya na Marekani lililoletwa na intaneti. Nyanza imelijua zamani. Kilichobadilika ni nafasi ya mwananchi. Wale waosha magari walitoa miili yao na muda wao, maswali yakaandikwa na wengine. Leo unaweza kuchambua tafiti ukiwa na simu mkononi, kuchota konokono ufuoni, kuchukua sampuli za mahindi ghalani, au kukaa na watafiti kabla swali lenyewe halijaandikwa. Vijana huniuliza mara kwa mara ni njia ipi iliyo bora. Jibu langu hutegemea unaishi wapi, unasoma lugha gani, na ni ugonjwa gani wa ini unaokusumbua moyo.

Ini letu linashambuliwa na nini

Kichocho cha matumbo, Schistosoma mansoni, huishi katika mishipa ya damu inayotoka matumboni kuelekea kwenye ini. Dume na jike hukaa wameshikana, jike akitaga kila siku. Mayai yasiyopata njia ya kutoka na choo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo, na mwili huyazingira kwa makovu. Miaka ikipita, makovu hayo hubana mishipa. Damu hutafuta njia ya kando, mishipa ya koo la chakula huvimba, na siku moja mtu aliyeonekana mzima anatapika damu. Nimesikia matanga ambako kifo cha namna hiyo kilipewa kila jina isipokuwa lake.

Homa ya ini aina ya B ni habari nyingine. Huletwa na virusi, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi navyo. Kenya iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto mwaka 2001, ikitolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa utotoni. Halafu kuna aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu. Mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Hiyo ilikuwa dozi kubwa ya ghafla. Dozi ndogo ya miaka mingi huleta saratani ya ini, na mwenye virusi vya B anayekula sumu hiyo hatari yake huzidishwa mara nyingi. Pombe tunaijua. Na mafuta kwenye ini, yanayoandamana na kisukari na unene, yanazidi kuonekana mijini.

Haya ndiyo yanayoamua uchaguzi. Kichocho hutafutwa kwenye maji. Sumu ya kuvu hutafutwa kwenye gunia. Virusi vya B hutafutwa kwenye damu, na hapo mwananchi hana cha kukusanya kwa mkono wake. Nafasi yake iko kwenye kamati au kwenye fomu ya ridhaa. Kazi ya simu inagusa maradhi yote kidogokidogo, bila kukaa na ugonjwa wowote mmoja.

Simu mkononi, au buti majini

Tuanze na simu, kwa kuwa ndiyo njia inayofunguka upesi zaidi. Cochrane ni mtandao wa kimataifa ulioanza mwaka 1993 kwa lengo la kukusanya tafiti zote kuhusu tiba fulani na kuzipima kwa pamoja, ili daktari asitegemee utafiti mmoja uliompendeza. Kinachowachelewesha ni wingi. Kila siku tafiti mpya huchapishwa, na nyingi hazina uzito wa kuingia katika hesabu. Mwaka 2016 walifungua mlango unaoitwa Cochrane Crowd. Yeyote hujisajili bure, hupitia mafunzo mafupi yenye mifano, kisha huonyeshwa kichwa na muhtasari wa utafiti mmoja baada ya mwingine na kuulizwa: je, huu ni utafiti ambamo wagonjwa waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu? Jibu lako halisimami peke yake. Lazima watu kadhaa wakubaliane, na wakitofautiana rekodi hupelekwa kwa mwenye uzoefu zaidi. Kwa hiyo anayeanza hana haja ya kuogopa kwamba atauharibu utafiti wa mtu.

Ubora wa njia hii ni kwamba ni maandishi matupu. Bando dogo linatosha, na unaweza kufanya kidogo ukisubiri matatu ijae pale stendi, ukaendelea kesho. Ugumu ni lugha: muhtasari huwa kwa Kiingereza cha kitabibu. Na huenda usipewe ini tu. Leo utasoma kuhusu shinikizo la damu, kesho kuhusu meno, keshokutwa ndipo upate prazikwanteli, dawa ya kichocho, au dawa ya virusi vya B. Mtu aliyempoteza mzazi kwa saratani ya ini na anayetaka kupigana na ugonjwa huohuo anaweza kuona moyo wake haujatulia.

Lakini kuna faida ambayo watu hawaisemi vya kutosha. Ukishachambua mihutasari mingi, unaanza kujua utafiti mzuri unafananaje. Unajua kuuliza: walilinganisha na nini? Waligawa makundi vipi? Wangapi waliacha njiani? Siku mtu akisimama ndani ya basi la Kisumu kwenda Busia akiuza chupa ya kusafisha ini, wewe tayari una maswali yake. Kwangu hiyo peke yake inatosha kumshauri kila mwanafunzi wa chuo ajaribu.

Kuna pia jukwaa la Zooniverse, lililoanza mwaka 2009, ambako miradi mingi ni ya picha. Mojawapo, Etch A Cell wa taasisi ya Francis Crick kule London, uliwaomba wananchi wachore kwa kidole au kipanya mpaka wa kiini cha seli katika picha za hadubini ya elektroni, na michoro yao ikatumika kuifundisha kompyuta kuchora yenyewe. Ni kazi inayotuliza akili, ila picha zinakula bando, na miradi hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo lazima uangalie ulio hai wakati huo. Njia nyingine ni kuiazimisha kompyuta yako kwa watafiti iwafanyie hesabu: mradi mmoja wa World Community Grid uliotafuta dawa za dengi ulikuwa pia ukitafuta dawa dhidi ya virusi vya homa ya ini C. Hapo mashine ndiyo inayofanya kazi, wewe unalipa stima. Kwa bei ya stima yetu, na kwa kuwa hujifunzi lolote, siipendekezi.

Sasa njoo ufuoni. Kimelea cha kichocho hakiwezi kumwingia mtu bila kwanza kukua ndani ya konokono wa jamii ya Biomphalaria, anayependa maji yaliyotulia, matete na magugu maji. Mahali penye konokono walioambukizwa ndipo penye hatari, na mahali hapo hubadilika. Mvua ikinyesha, ziwa likipanda, magugu yakisukumwa na upepo kutoka ghuba hii hadi ile, ramani ya mwaka jana haifai tena. Mtafiti anayefika kwa gari mara chache kwa mwaka hawezi kuyafuata mabadiliko hayo. Mkazi anaweza, kwa sababu anapita hapo kila siku akienda kuchota maji au kuanika omena.

Wenzetu wa Uganda wamelifanya hili kando ya Ziwa Albert. Wanakijiji walifundishwa kuwatambua konokono, kuwachota kwa kijiko cha wavu chenye mpini mrefu, kuwahesabu kwa aina zao na kutuma taarifa kwa simu, wakirudia sehemu zilezile kwa utaratibu. Na kwa kuwa jirani humwamini jirani, haohao wakawa pia waelimishaji kijijini. Siaya nayo ina mazoea yanayokaribiana na hayo: Asembo na Gem, tangu mwaka 2001, wanavijiji wamekuwa wakiripoti vizazi na vifo katika mfumo wa ufuatiliaji wa afya ulioendeshwa na KEMRI pamoja na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa. Kuhesabu jambo la kwenu na kulitolea taarifa mwezi baada ya mwezi si jambo geni kwa watu wa huku.

Tofauti ya kwanza kati ya simu na ufuo ni nidhamu ya muda. Kazi ya simu haina tarehe. Ukiiacha wiki mbili, mtu wa Brazili au India anaendelea nayo. Kazi ya ufuo inataka sehemu ileile, siku ileile, njia ileile ya kuchota, kwa miezi. Wiki uliyokosa ni tundu kwenye takwimu, na hakuna atakayeliziba. Kwa hiyo mtu wa safari nyingi, au kijana anayesubiri kuitwa kazini Nairobi wakati wowote, asijiandikishe ufuoni kwa furaha ya siku ya kwanza.

Tofauti ya pili ni hatari, na hapa nitasema kwa mkazo. Konokono mwenye maambukizi huachilia vimelea majini, na vya aina hii ya kichocho hutoka kwa wingi mwangaza ukiwa mkali, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri ya mapema. Vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kujitolea kuchota konokono bila buti zisizovuja na glavu ndefu ni kujitolea kuugua. Mradi usiokupa vifaa hivyo, usiufanyie kazi. Uliza pia kuhusu prazikwanteli. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na huua minyoo waliokomaa lakini haimalizi wachanga, kwa hiyo aliye majini kila wiki anahitaji kupimwa na kutibiwa tena kwa ratiba, si mara moja mwanzoni mwa mradi. Na kuna viboko. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kuambiwa, ila mwanafunzi aliyetoka Kakamega anahitaji.

Tofauti ya tatu ndiyo inayonifanya niupende ufuo. Matokeo ya Cochrane yanaingia katika bahari ya elimu ya dunia, na siku moja yatagusa agizo la daktari mahali fulani. Ni jema, lakini hutaliona. Matokeo ya konokono wa ufuo wenu yanaweza kusomwa katika baraza la chifu: hapa pamejaa, pale pamepungua, kwa hiyo choo kijengwe hapa, watoto wasiogelee pale, dawa za shule zifike kwanza kijiji kile. Umbali kati ya kazi yako na faida yake ni kilomita chache. Ila hilo halitokei lenyewe. Nimewahi kuona timu ikikusanya sampuli, ikaondoka, isirudi na hata karatasi moja. Wazee wa ufuo ule hadi leo wakiona fulana yenye nembo ya utafiti huuliza, "Mwanangu, nyinyi nanyi mtatupotea?"

Jambo moja zaidi kuhusu ufuo: usiende peke yako. Konokono uliyemchota kwa hiari yako, bila utaratibu uliokubaliwa na bila mtu wa kumthibitisha kwenye maabara, hasaidii kitu. Anzia kwa mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, umuulize kama kuna mradi. Uliza pia KEMRI pale Kisian, Chuo Kikuu cha Maseno, au chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Miradi huja na kuisha kufuatana na ufadhili, kwa hiyo jibu la mwaka jana si la mwaka huu.

Kwa wa Nakuru na nchi ya mahindi

Ndugu zetu wa Nakuru wana ziwa, lakini ni la magadi, halina habari ya konokono wa kichocho kama letu. Wao na wa Kitale, Bungoma na Lugari wana jambo lingine mikononi: mahindi. Mwezi Machi 2021 serikali ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, malori yalikwama mpakani Busia na Namanga, na wengi wakaamini sumu ni kitu cha kutoka nje. Ukweli ni kwamba huota popote penye unyevu na joto, hata katika ghala la mkulima hodari.

Kazi ya kujitolea hapa ni kuchukua sampuli na kupima unyevu. Inaonekana nyepesi kuliko ya konokono, na kwa mwili ni nyepesi kweli: hakuna maji, hakuna kiboko, na inaweza kusubiri msimu wa mavuno. Lakini inataka uangalifu wa aina yake. Sumu hii haikai sawasawa gunia zima. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote huku mahindi ya pembeni yakiwa safi. Ukichota konzi moja ya juu umepima bahati. Ndiyo sababu mchukua sampuli hutumia bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akichoma gunia juu, katikati na chini, magunia mengi, kisha akachanganya vyote kabla ya kutoa kidogo cha kupeleka maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Jicho haliioni, pua hainusi, na kupika ugali hakuiondoi.

Unyevu ndio mwananchi anaoweza kuupima mwenyewe bila maabara: tia mahindi kiasi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi kwa ghala. Asilimia 13.5 ndiyo inayotakiwa, na chupa haitakupa namba hiyo, lakini itakuonya mapema.

Ugumu wa ghala uko kwa mwenye ghala. Kichocho kikipatikana ufuoni hakuna anayepoteza mali. Sumu ikipatikana katika magunia ya mkulima, karo ya watoto imekwenda. Kabla hujachoma bambo gunia la kwanza, sharti yawepo makubaliano: majibu atapewa nani, jina la mkulima litafichwa vipi, na mahindi yenye sumu yatafanywaje. Mradi usio na majibu ya maswali hayo utakufanya adui wa majirani zako. Kwa maoni yangu, ghala linamfaa mtu anayeheshimika kijijini kuliko kijana mwenye shauku, kwa sababu kinachohitajika zaidi ni kuaminiwa.

Kamati, au mkono wenye sindano

Hapa ndipo penye wale ambao ugonjwa umewaingia nyumbani. Anayeishi na virusi vya B, au aliyemuuguza mwenye ini lililokauka, mara nyingi ataombwa mambo mawili tofauti ambayo kwa juu yanafanana: atoe damu yake kwa utafiti, au atoe maoni yake. Yote mawili huitwa kushiriki, ila uwezo ulio nao katika kila moja haulingani.

Kutoa damu kuna historia ya heshima. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia alikuta kitu kilichogongana na damu ya mgonjwa wa hemofilia, maradhi ya damu isiyoganda, huko Marekani. Kitu hicho kilikuja kujulikana kuwa ganda la virusi vya homa ya ini B. Kutokana nacho zikaja njia ya kupima damu ya kuongezwa, na chanjo. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Yote yalianzia kwenye kichupa cha damu ya mtu ambaye hakuwa mgonjwa wa Blumberg, wala hakuwa na sababu ya kujua kinachotafutwa.

Kwa hiyo simdharau mtoa sampuli. Nasema tu kwamba akishatoa, mengine hayako tena mikononi mwake isipokuwa yale yaliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Sampuli itahifadhiwa miaka mingapi? Itasafirishwa nje ya nchi? Itatumika kwa utafiti huu tu au kwa mwingine utakaozuka baadaye? Ukikuta tatizo katika damu yangu utaniambia, na nani atanitibu? Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Kwa mwenye virusi vya B hili ni zito, maana taarifa ikivuja kabla ya ndoa au kazini, maneno hayarudi.

Kamati ni kitu kingine. Watafiti wengi huku huunda bodi ya ushauri ya jamii, na watu wa kawaida huketi humo: mama wa soko, mwalimu, mzee wa kijiji, mgonjwa. Wanasomewa mpango wa utafiti kabla haujaanza na wanasema ukweli wao. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na nakumbuka mama mmoja muuza omena alivyomgeukia mtafiti mkuu: "Daktari, mwanangu, hiyo siku unayotaka kuja kutoa damu ni siku ya soko. Utawakuta kuku." Ratiba ikabadilishwa papo hapo. Katika kikao kingine suala lilikuwa woga wa damu. Kwa wazee wetu habari za kachinja, wanyonya damu wanaotembea kwa gari, bado ni hai, na mtafiti anayejaza vichupa vikubwa bila kueleza vinaenda wapi huufufua woga huo. Kamati ilimtaka aonyeshe hadharani kiasi cha damu, kwa kijiko cha chai, mbele ya watu wote. Hakuna maabara ambayo ingempa ushauri huo.

Uingereza kuna James Lind Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo huwakalisha wagonjwa, walezi na madaktari pamoja wapange ni maswali gani yatafitiwe kwanza, na maradhi ya ini yanayotokana na pombe yamewahi kupitishwa katika mpango huo. Natamani kuona jambo hilo likifanyika hapa kwa kichocho na kwa homa ya ini B, mgonjwa wa Mbita akisema linalomnyima usingizi kabla ya profesa kuandika kichwa cha utafiti.

Ubaya wa kamati? Vikao virefu, karatasi nyingi, na hatari ya kuwekwa kwa ajili ya picha. Dalili ya kamati ya maonyesho ni rahisi kuijua: kila mnachosema kinapokelewa kwa makofi na hakuna kinachobadilika kwenye mpango.

Nani aende wapi

Mwanafunzi wa chuo mwenye simu nzuri na Kiingereza cha kutosha, ningemwanzisha kwenye Cochrane Crowd wiki hii hii, halafu likizo ikifika atafute mradi wa ufuoni kama kwao ni ziwani. Atafika akiwa anajua kwa nini sehemu za kuchota huchaguliwa kwa utaratibu na si kwa macho. Mvuvi au muuza samaki, asipotezewe muda na simu. Ujuzi wake wa maji ni hazina ambayo mwanafunzi hataipata kwa miaka minne ya masomo, na mradi wenye heshima utamrudishia nauli na gharama ya asubuhi aliyokosa kuvua. Kujitolea hakumaanishi kulala njaa. Mkulima wa Njoro au Rongai anayesikilizwa na wenzake, ghala linamngoja.

Mhamasishaji wa afya ya jamii yuko katika hali ya peke yake. Tayari anazitembelea nyumba, tayari anaaminiwa, na watafiti humkimbilia. Posho yake ya shilingi 5,000 kwa mwezi, inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, ni ya kazi ile, si ya utafiti. Ningemwomba atenganishe kofia mbili hizo waziwazi mbele ya familia: leo nimekuja kama mhamasishaji, kesho nitakuja kwa utafiti na mna haki ya kunikatalia. Bila hivyo, mama atakubali kila kitu akidhani akikataa atakosa huduma.

Na mwenye ugonjwa wa ini mwenyewe, au mlezi wake: tiba yako kwanza, kliniki yako kwanza. Ukipata nguvu, nenda kwenye kamati. Ukiombwa damu, toa kama fomu imekuridhisha. Kama sharti nichague moja kati ya hizo mbili kwa ajili yako, nachagua kamati, kwa sababu damu wanaweza kuipata kwa mwingine mwenye virusi kama vyako, ila hakuna mwingine anayejua njia uliyopita kutoka kituo cha afya cha kwenu hadi hospitali ya rufaa.

Njia yoyote utakayochagua, isipokuwa ile ya simu, utapewa karatasi ya kutia sahihi. Itafute namba ya idhini ya kamati ya maadili. Miradi ya KEMRI hupitia kitengo chake cha kukagua maadili, SERU, vyuo na hospitali kubwa vina kamati zao, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kwenye karatasi hiyohiyo panapaswa kuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili, tofauti na ya mtafiti. Ipigie kabla hujatia sahihi, uwatajie jina la mradi, uwaulize kama wanaujua.